Mwaka Nilioapa Kutoomba

Nemba, Biharamulo
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa sauti hapo ulipo, hata kama hakuna anayekusikia. Mimi ni mzima, ila mwili bado una uchovu wa malaria, nitakueleza. Goti lako linaendeleaje? Mvua huko Lukole imeshika, au bado mnatazama mawingu tu? Na mwanangu Neema, anakula vizuri?

Nimeamua kuandika kwa sababu kaka Deo akipigiwa simu huiweka sauti ya juu, nyumba nzima ikasikia pamoja na jirani aliyepita kuomba moto. Barua hii isome mwenyewe, polepole, kama unavyosoma Biblia yako. Neema asikusomee.

Unakumbuka nilivyoondoka. Mume wangu alipofariki nikarudi kwa kaka Deo, na mke wake, ambaye simlaumu, akawa anapima sukari kwa macho kila nikikoroga chai. Siku moja akasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nililia, kisha nikaona amesema kweli. Nikamwacha Neema kwako, nikaahidi nitamchukua siku nitakapokuwa na mahali pangu, si pa kupanga wala pa kupewa. Miaka mitatu sasa.

Nilipofika hapa nilinunua daftari la shule, nikachora mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto niliandika nilichokipata kwa mikono yangu: vibarua vya kupalilia, maandazi ya siku ya gulio, maharage ya shamba la kukodi. Upande wa kulia, kila nilichosaidiwa, hata chumvi. Mwaka wa kwanza ule wa kulia ulijaa mpaka nikaona aibu. Mwaka huu nikaapa hautaandikwa kitu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, Mama. Ulipanga foleni ya unga kambini, enzi zetu za ukimbizi, kadi mkononi na mimi mgongoni, na mpaka leo ukiona watu wamejipanga mahali unageuza njia. Nami nilitaka nisijipange kwa mtu.

Basi nikafanya ujinga. Jirani yangu ni Mama Severina, Msubi, mwenyeji wa hapa, mkulima hodari, mdomo wake hauna breki. Aliniletea mkungu wa ndizi, mimi nikamhesabia pesa. Akanitazama, akaziweka juu ya kinu changu, akaondoka. Nikaandika upande wa kushoto kwamba nimenunua ndizi! Kumbe hapa, kama kwetu tu, ukimlipa jirani zawadi yake umemwambia asirudi. Hakurudi. Ulipofika wakati wa kulima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, watu walipita mlangoni pangu majembe begani, hakuna aliyeniita. Nami nikajisifu: miezi kumi, upande wa kulia mweupe.

Kisha yakaja maharage. Nilikuwa nimeng'oa yote, nimeyatandaza shambani yakauke, na hayo ndiyo yangekamilisha bei ya nusu eka ambayo mzee mmoja wa hapa alikubali kuniuzia. Malaria ikanilaza. Siku ya tatu, mchana, nikasikia ngurumo. Nikajikokota mpaka mlangoni, nikaona wingu jeusi linakuja upande wa shamba langu. Yakinyeshewa yataota yakiwa ndani ya maganda, na mwaka wangu mzima umekwenda. Nilifikiria kutafuta vibarua, lakini kila mtu alikuwa kwake akiokoa ya kwake. Pesa ya kuwalipa nilikuwa nayo, Mama. Mtu wa kumpa ndiye hakuwepo.

Nikaenda kwa Mama Severina nikishika ukuta. Alikuwa anaanua mahindi uani.

“Mama Severina, maharage yangu yatanyeshewa.”

“Naona.”

“Naomba unisaidie.”

“Utatulipa shilingi ngapi?”

“Silipi.”

Akaweka ungo chini. “Kama hulipi, tunakuja. Keti hapo kabla hujaanguka.”

Akaita kwa Kisubi, maneno mengine sikuyaelewa, wakatoka watu kama saba. Mume wake alibeba kwa baiskeli, wengine kichwani, wakajaza chumba changu mpaka juu ya kitanda. Ya bondeni yaliloa, mengi yakapona. Baadaye Mama Severina akaniletea uji, akanisema sawasawa: “Wewe Anastazia, kulipa ulilipa, kuomba hukuomba. Tukajua hutaki na sisi tuje kukuomba. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanamke wewe.” Nikanywa ule uji huku nalia kwa aibu, naye akajifanya haoni.

Nikauza maharage, bei ikatimia, na wiki iliyopita tumeandikiana na yule mzee mwenye shamba. Sikujua kwamba hata pesa ikitimia, karatasi haiendi mbele mpaka wenye mashamba ya jirani waje kusimama mpakani na kusema huyu tunamjua. Mpaka wa juu ni wa mume wa Mama Severina. Mwenyekiti wa kitongoji akamuuliza, “Unamfahamu huyu mama?” Akajibu, “Tumebeba maharage yake.” Akasaini. Nimewaza sana, Mama. Ningeweza kusimama pale na pesa kamili mkononi, na asiwepo mtu wa kusema ananijua.

Shamba lina kijumba cha vyumba viwili, bati linavuja kona moja. Shule iko karibu. Daftari bado naandika, maana bila hesabu nisingefika. Ila upande wa kulia naujaza bila aibu, ili nisisahau zamu ya kurudisha. Jumanne nalima kwa Mama Severina.

Msalimie kaka Deo. Wifi yangu, mke wake, mwambie nakuja na sukari kilo mbili, na acheke, sina kinyongo. Msalimie katekista wetu aliyeniombea safari, na shangazi anayeuza mafuta ya mawese, mwambie bado namkumbuka kila nikikaanga.

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu mkono ulikuwa mzito. Miaka yote nimesema nikipata mahali nitakuja kumchukua Neema, kana kwamba niliweka mzigo kwako. Lakini wewe ndiye uliyekesha naye akiwa na homa. Wewe anakuita Mama. Mimi ananiita Mama Ana. Na nikimtoa hapo, najua ni nani atakayebaki anakula peke yake. Jambo hilo linaniuma, na sikuliona nilipokuwa nahesabu.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo siji kumchukua. Nakuja kukuomba. Ukisema bado, nitakaa siku mbili, nitakusaidia palizi, nitarudi Nemba na basi la asubuhi, wala sitakununia.

Naomba mwanangu, Mama.

Ni mimi binti yako,
Anastazia