Sinia la Wino wa Zambarau

Jumatatu, 12 Mei
Nimechapa ukurasa wa kwanza wa mtihani wa majaribio. Karatasi tano safi. Ya sita imetoka na michirizi. Ya saba nyeupe kabisa. Nimefungua imprimante, mashine yangu ya kuchapa, nimetoa kartushi, nimeitikisa karibu na sikio. Kimya. Wino umekwisha.
Nina watoto thelathini na wanane darasa la sita. Mmoja ni binti yangu Neema, anarudia. Mwaka jana, kwenye mtihani wa taifa, ambao jibu ni msalaba ndani ya mraba, hakuweka hata mmoja. Aliandika majibu kando, kwa sentensi kamili, mwandiko mzuri. Majibu sahihi. Akaanguka. Mimi ndiye niliyemzoeza hivyo: maswali ubaoni, jibu kwa sentensi kamili, miaka yote. Karatasi iliyochapwa aliiona siku ile kwa mara ya kwanza. Niliapa mwaka huu kila mtoto ataishika mapema.

Jumanne, 13 Mei
Kartushi mpya iko Goma, na sitaiweza. Wenye kuchapa kule Masisi centre wanaomba bei ya mbuzi. Sina mbuzi. Nimeianika kartushi juani, nimeipiga makofi. Imenipa karatasi mbili za huruma. Mume wangu ameuliza kama nimejaribu kuiombea. Chai yake ameipata imepoa.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata akili. Wino upo shuleni, chupa nzima, ule wa muhuri. Kwetu hakuna barua inayotembea bila muhuri, kwa hiyo wino huo haukosi kamwe. Direkta wa shule amenipa bila kuuliza. Nimenunua sindano kwenye duka la dawa, nimetoboa kartushi, nimejaza polepole. Nimejiona fundi.

Ijumaa, 16 Mei
Fundi gani. Imprimante inakoroma, inatema karatasi nyeupe. Mtengeneza simu wa sokoni ameifungua, amecheka mpaka nikakasirika. “Mama Mwalimu, umeiuwa. Iyi wino njo ya tampon, ya muhuri, iko na mafuta. Haiko ya mashini.”
Majuto ni mjukuu. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi. Neema amesema hakuna shida, ataangalia ubao. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 17 Mei
Jirani yangu Mama Sifa huuza supu ya miguu ya ng'ombe. Asubuhi nimekuta sufuria yake ya jana imeganda, inatikisika. Nimeigusa kidogo. Alama ya kidole ikabaki.
Nikamkumbuka baba. Alikuwa mwalimu hapa hapa Kingi, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau siku zote. Alikuwa na sinia lenye kitu kilichoganda hivyo hivyo. Aliandika karatasi moja kwa wino mzito wa zambarau, akailaza juu ya sinia, akasubiri, akaibandua. Maandishi yakabaki kwenye sinia. Kisha karatasi tupu, moja baada ya nyingine, kila moja ikiinuka na maswali yake. Bila umeme. Bila kartushi. Naona haya kwamba nilisahau.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya ibada nimemngoja Papa Bauma, muuguzi wetu. Nilitaka ile dawa ya zambarau wanayowapaka watoto wenye vidonda vya mdomo, niifanye wino wa sinia. Anayo ya unga, kopo la zamani. Amelisoma, amecheka. “Kwa mudomo, date imeshapita. Kwa karatasi, sioni neno.”
Gliserini ya kuchanganya ninayo mwenyewe, ile ninayopaka miguuni. Wiki hii miguu itapauka. Basi.

Jumanne, 20 Mei
Nimechemsha miguu minne ya ng'ombe, sukari, gliserini. Nimemimina kwenye sinia. Imeganda vizuri, nikaimba. Kisha nimelaza karatasi niliyoiandika, wino umetawanyika, hakuna herufi inayosomeka. Nimetaka kulitupa sinia barabarani.
Mama Sifa amekuja, amechungulia, amenigombeza. “Mafuta haukuitoa! Ata supu hauwezi kunywa vile.” Ameiyeyusha tena, ameengua mafuta mara tatu kwa kijiko, ameichuja kwa kitambaa. Mimi nina diploma. Nimeshika kitambaa.

Jumatano, 21 Mei
Imekubali!
Neema alikuwa akilaza karatasi, mimi nasugua kwa kiganja, nabandua. Moja. Kumi. Ishirini. Maswali yote, miraba yote, zambarau iliyokolea. Baada ya thelathini ikaanza kufifia. Ya thelathini na nane inasomeka ukiisogeza dirishani. Neema amesema hiyo ni yake, kwa sababu yeye macho yake ni mazima. Nimekataa. Amekataa kukataa kwangu. Mtoto ana kichwa kigumu, sijui amekitoa wapi.
Kesho tunayeyusha tena, ukurasa wa pili.

Ijumaa, 23 Mei
Nimegawa karatasi. Darasa lote wananusa. Kweli inanuka supu kidogo.
Nimepita nyuma ya Neema. Swali la kwanza alianza kuandika: “Jibu ni...” Kalamu ikasimama. Akakata. Akatafuta mraba, akaweka msalaba, mdogo, wenye woga. Swali la pili akaenda moja kwa moja. Nilitoka nje kidogo, nikatazama mashamba ya maharagwe mpaka macho yakakauka. Nina furaha. Ninaiandika ili nisije nikabisha baadaye.

Alhamisi, 26 Juni
Mtihani wa taifa umekwisha leo. Mvua tangu asubuhi. Matokeo bado.
Neema amerudi, ameweka viatu karibu na moto, ameomba viazi. Nimempakulia. Amekula vyote, ndipo akasema: “Mama, karatasi yao iko tu sawa na yetu. Ila wino yao iko nyeusi.”
Akaenda kulala. Nimelifunika sinia tulilochapia mazoezi hadi wiki hii, nimeliweka juu ya kabati. Vidole vyangu bado ni vya zambarau.