Majani Yasiyong'oka

Shikamoo Bibi,

Jua la Same limekausha kila kitu, lakini uwanja wa chuo tulichokuja kucheza nacho mpira ni kijani kibichi! Mkono ukaenda wenyewe kumng'olea ng'ombe wako majani. Bibi, hayang'oki! Ni plastiki, yananuka kama matairi, yana moto kama kikaango. Kapteni wao akacheka: "Dada, hayo hayaliwi."

Kisha nikaanguka, goti likachubuka lote. Huko kwetu Usangi nikianguka nainuka na tope na mavi ya ng'ombe, basi. Tumeshinda, ila nachechemea.

Ng'ombe wako akiingia tena uwanjani kwetu, mwache ale. Mimi simfukuzi tena.

Mungu akulinde, Bibi yangu.

Mjukuu wako,
Nakijwa