Kushindwa kwa Pupa

Marahaba, mjukuu wangu Mwanasha. Salamu zako zimetufikia hapa Waa. Bibi yako hajambo, goti limepoa, alhamdulillahi, na mihogo tumeshavuna.

Najua yeye ndiye aliyekushitakia kwamba nilizima televisheni na kususa chakula timu yetu ya taifa ya kriketi iliposhindwa vibaya. Unauliza kwa nini nakasirika hivyo. Mwanangu, kushindwa nimekuzoea! Kilichonichoma ni kuwaona wanaupiga mpira juu ovyo, unadakwa na wanatolewa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoogopa kuachwa na gari.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini, mtunza bustani katika hoteli moja Diani, sisi wafanyakazi tulicheza kriketi na wageni. Wakatulemea mno. Tukabaki wawili, mimi na Mzee Salimu, mpishi. Akitolewa mmoja wetu, mchezo umekwisha. Mzee alikuwa akizuia kila mpira kwa subira.

Nikamwambia, "Mzee, tumeshashindwa. Tumalize twende tukale."

Akanijibu, "Tumeshindwa, lakini hatujatolewa. Simama."

Mpira uliofuata nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Ukapaa, ukadakwa kabla ya kugusa chini, nikatolewa. Mzee Salimu akavua glavu, akaondoka bila kunitazama. Nilitamani angalau anitukane.

Basi ukisikia ninawafokea vijana wale, ujue yupo mmoja ninayemfokea zaidi. Ana miaka ishirini, na bado ana haraka ya kwenda kula.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Babu yako, Hamisi