Dakika Tatu za Kaka

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na miwani iko puani, si pale juu ya kichwa unapoitafuta kila siku. Sisi hatujambo. Baba watoto kikohozi kimemwachia. Wajukuu zako wanasoma, na yule mkubwa amenipita urefu; siku hizi akinisalimia huinama, na anafanya makusudi.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisomea kazini nimesimama. Umenieleza kwamba kaka amerudi nyumbani, kwamba huu ni mwezi wa tatu hajagusa pombe, kwamba ametengeneza mlango wa jikoni bila kuombwa, na sasa amepata kazi kwa seremala. Nilifurahi, Mama. Kisha nikafika mahali ulipoandika kwamba zile dakika zangu tatu zimefika mbinguni, na kwamba unanishukuru. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Ndiyo sababu nimechukua wiki mbili kukujibu.

Nianze na habari za kazi, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Ule mtambo wetu wa mvuke, wa kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji, uliuona mwenyewe ulipokuja. Sheria yake ilikuwa moja. Mshale wa kipimo chake ukigusa mstari mwekundu, mtu asimame mbele yake dakika kumi na nane, na kila baada ya dakika tatu aandike kwenye daftari unasoma ngapi. Ukiondoka, vifaa vyote vinaanza upya. Kwa hiyo hata daktari mkuu akiniita, wenzangu walimjibu kwamba niko kwenye mshale, naye alisubiri. Mzigo wa vifaa wa mchana ulikuwa ukifika kwenye mstari saa saba kamili kila siku. Ndipo tukapatana, wewe kwenye kiti chako kule, mimi mbele ya mshale huku, tuombe kwa wakati mmoja. Naandika namba, naomba. Naandika namba, naomba. Dakika tatu za shukrani, tatu za wagonjwa, tatu zako, tatu za mume wangu, tatu za watoto, na tatu za mwisho za kaka.

Kaka uliniachia mimi moja kwa moja. Ulisema hutaki tumtaje wote wawili, tukawa kama watu wanaosukumana kwenye dirisha moja la ofisi. Nimshike mimi, wewe utawashika shangazi na majirani, nao ni wengi.

Sasa mtambo ule haupo. Waliuondoa miezi kumi na minne iliyopita wakaleta mpya, wenye kioo cha kuonyesha kila kitu. Unajiandikia wenyewe, unajizima wenyewe, na ukimaliza unaimba kidogo. Siku ya kuuzindua tulikunywa soda, na msimamizi akasema mbele ya wote kwamba sasa mikono yangu iko huru. Kesho yake akaipa kazi. Nikawekwa kwenye meza ya kupanga seti: mikasi, koleo, vishikizo, kila trei na idadi yake, ikipungua moja unahesabu tena. Saa saba hunikuta hapo, na mezani hakuna anayesubiri. Simu ikilia ni mimi, mlango ukigongwa ni mimi.

Usidhani sikujaribu. Niliomba huku nahesabu, na siku moja nilipofika kwa kaka nikapandisha trei yenye koleo kumi na moja badala ya kumi na mbili, mgonjwa tayari yuko kwenye meza ya upasuaji. Walifungua seti nyingine, hakuna aliyeumia. Lakini muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye ni mlokole kuliko mimi, alishuka mwenyewe, akanishika bega.

"Dada, Mungu anatujua bila kutuhesabu. Mimi ndiye ninayehitaji koleo kumi na mbili."

Alisema kweli. Nikahamia alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Asubuhi ya tatu baba watoto alinikuta nimepiga magoti, shavu kitandani, nakoroma. Akanifunika shuka, na tangu hapo akiniona nimechoka huniuliza kama naenda kusali.

Mtambo wa zamani umetupwa uani, nyuma ya stoo, umefunikwa turubai. Mara mbili nimeenda kuufunua. Mshale umelala kwenye sifuri. Fundi mitambo alinifuma nimesimama pale, akaniuliza kama nimekuja kumuaga mpenzi wangu. Nikamjibu kwamba na yeye aangalie asije akatupwa hapo. Tulicheka. Lakini Mama, ninayatamani yale mapumziko ya dakika tatu kuliko ninavyotamani likizo. Pale mbele ya mshale palikuwa mahali pekee duniani nilipokuwa siitwi.

Sasa nisikilize. Tangu alfajiri ile ya kukoroma hadi barua yako iliponifikia, sikumwombea kaka. Sisemi nilimwombea kidogo. Kuna wiki sikumkumbuka kabisa. Barua tano nilizokuandikia, zote niliziishia kwa kukuambia kaka nimemshika, na zote tano nilikudanganya. Wewe ulikwisha kuacha kumtaja kwa kunitegemea mimi. Kwa hiyo mwezi ule alipofukuzwa kwenye chumba alichopanga, na ule alipolala kituo cha polisi, hakuna kati yetu aliyekuwa akimtaja. Shukrani zako siwezi kuzipokea. Nani alimwombea, sijui, labda mwenyewe. Inaonekana Mungu hakusubiri zamu yangu.

Tangu Jumanne ile nimeacha lifti. Trei nzito hupanda kwa lifti, ila vifurushi vya shashi za kufungia vidonda navipeleka kwa miguu hadi ghorofa ya tatu. Mpagazi wetu, tunayemwita Kasuku, ametangaza kwamba napunguza tumbo, nimemwacha aamini. Ngazi ni hamsini na nne. Baba Yetu huniishia kwenye ya arobaini na tano. Tisa zilizobaki ni za kaka, na hapo hupanda taratibu, wenye haraka wanipite.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba kitu kimoja: mrudishe kaka kwenye saa saba yako. Usimwache tena mikononi mwangu peke yangu. Tumtaje wote wawili, Mama. Tusukumane tu hapo dirishani.

Msalimie kaka mwenyewe, na mlango wake. Haya niliyokuandikia, ukiona vema mwambie, usipoona basi. Shangazi na majirani wapokee salamu zao, kila mtu kwa nafasi yake. Baba watoto na wajukuu wanakuamkia. Bwana akutunze goti na macho.

Ni mimi mwanao,
wa kwenye mshale.