Dishi Langu na Pilipili za Belaynesh

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa Miyazya

Hakuna mawimbi. Maneno mawili tu, yananikodolea macho kwenye kioo cha televisheni tangu asubuhi. Nimezima king'amuzi, nimewasha. Nimechomoa waya, nimeupuliza, nimeurudisha. Hakuna mawimbi! Fantaye anasema labda ni mvua. Mvua gani, mke wangu, na jua hili la kupasua utosi?

Na Hirut ndiyo kwanza kapiga simu. Jumamosi saa moja jioni anasoma taarifa ya habari. Mara ya kwanza, moja kwa moja, nchi nzima inamtazama. Binti yangu! Yule aliyekuwa na kigugumizi mpaka watoto wa jengo hili wakamwita Cherehani. Nilimsomesha gazeti kwa sauti miaka na miaka, pale pale mezani. Anasema: Baba, nitazame, halafu uniambie ukweli, wengine watanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tu. Nikamwambia nitakuwa mbele ya kioo. Habari za king'amuzi sikumgusia.

Jumanne, Miyazya 7

Nimepanda paani. Kwa magoti haya! Nikakuta dishi langu, nililolifunga kwa mikono yangu, limegeuzwa linatazama tangi la maji. Mbele yake turubai. Juu ya turubai pilipili za mchuzi wa Pasaka, nyekundu, tele, zimeanikwa. Na kando yake mwenyewe, Belaynesh, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anazigeuza kwa kijiti kama hakuna lililotokea.

— Nani kagusa dishi langu?

— Lilikuwa linazitia kivuli, Gashe Werku. Nimelisogeza kidogo tu.

Kidogo tu! Na bado ananiita Gashe, kwa heshima zote za mzee! Nikamweleza kwamba setilaiti haijui kidogo. Ukilisogeza dishi upana wa kucha, umekwisha. Akacheka.

— Basi iambie setilaiti yako nayo isogee kidogo. Ina nafasi yote huko juu, mimi nina paa hili tu.

Mwanamke huyu! Nimeshuka ngazi nikibamiza miguu. Na mfungo huu wa Pasaka, tumbo tupu tangu jana, kila kitu kinanipanda kichwani.

Jumatano, Miyazya 8

Asubuhi nzima paani. Fantaye sebuleni anatazama kioo, kisha anatoa kichwa dirishani kunijibu.

— Imekuja?

— Bado!

— Sasa?

— Imekuja! Ah, imekwenda!

— Imekwendaje, sijagusa kitu!

Jengo zima limejua. Kila dirisha lina fundi. Mmoja ananiambia nilielekeze kanisani, mwingine sokoni. Mmoja kauliza kama ninavua samaki. Mawimbi asilimia ishirini. Thelathini. Sifuri!

Turubai nalo lipo miguuni, siwezi kuzunguka bila kukanyaga pilipili. Nikalivuta. Nikaliburura mpaka chini ya tangi. Kama tangi linavuja, mimi ndiye niliyelitoboa?

Jioni Belaynesh kaziona. Zimelowa, nusu nzima ni za kutupa. Nilingoja matusi. Kanitazama tu, kakusanya zilizo kavu, kashuka. Bora angenitukana! Sasa nimebaki na maneno yangu yote mdomoni.

Ijumaa, Miyazya 10

Nimempigia Biniam, fundi dishi. Kapokea anahema.

— Gashe, leo ni Ijumaa Kuu. Niko kanisani nasujudu. Wewe hukuja?

Mimi niko paani na spana, ndiko niliko! Fantaye pia kaenda kusujudu, kakataa kukaa kwenye kioo siku kama ya leo. Kwa hiyo nazungusha, nashuka, natazama, napanda. Nazungusha, nashuka. Nadhani nimesujudu kuliko wote.

Asilimia sitini. Picha inakuja, inaganda, inapotea. Karibu! Kesho naimaliza. Simhitaji mtu.

Jumamosi, Miyazya 11

Nimevunja. Saa kumi na moja na nusu picha ilitulia, safi kabisa, hata mikunjo ya tai ya mtangazaji niliihesabu. Nikasema nikaze nati, upepo usije ukaigeuza. Nikakaza kwa hasira zote za wiki hii. Tap! Mkono unaoshika jicho la dishi umekatika, jicho limeanguka, limepasuka. Mpumbavu mkubwa! Mkono wangu mwenyewe!

Fantaye kaja, ukili wa nyasi wanazogawiwa kanisani leo bado kaufunga kichwani. Anasema kwa Belaynesh televisheni inaonyesha vizuri, na katualika wote wawili. Katualika! Baada ya pilipili? Anataka nikae kwenye kochi lake nimeinamisha kichwa. Siendi. Fantaye kajitanda mtandio wake mweupe.

— Baki na dishi lako. Mimi naenda kumwona mwanangu.

Kaenda. Mlango kaubamiza.

Saa moja kamili. Ukuta huu ni karatasi. Nasikia muziki wa taarifa. Sasa — ni yeye! Sauti yake! Nimebandika sikio, naandika huku nimesimama. Anasema jioni njema. Anakwenda polepole, vizuri, kama nilivyomfundisha, pumua kwanza. Habari ya barabara. Imepita. Habari ya — kanyamaza. Kwa nini kanyamaza? Ni neno gani hilo? Pumua, Hirut. Pumua, mama. Nashindwa kuona mdomo wake! Kimya gani hiki kirefu —

Kaendelea! Nadhani kaendelea, sijui, kwa sababu Belaynesh kapiga vigelegele huko ndani, sauti yote imezama. Nimepiga ukuta kwa ngumi: Nyamaza wewe mwanamke, nimsikie mwanangu!

Vigelegele vimekatika. Kisha sauti ya Belaynesh, hapa hapa sikioni, upande wa pili wa ukuta:

— Mlango uko wazi, Gashe. Anasoma bado.

Kiatu kimoja nimekivaa. Cha pili kiko wapi, cha pili