Kiwanja Kimoja, Choo Kimoja

Jumatatu, 3 Juni
Nyumba kumi na tisa leo. Chaki nyeupe mlangoni kwa wenye choo bora, nyekundu kwa wachafu. Mama mmoja ana choo safi kuliko sebule yangu, kimetiwa kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Hakijawahi kuingiwa. "Ni cha wakaguzi," akasema. Nimemchora nyekundu mbili.

Tangu mji wetu mdogo upimwe, kanuni ni hii: kiwanja kimoja, choo kimoja, maana chemchemi iko bondeni na kila kitu huteremkia huko. Niliipigania mimi, afisa afya wa kata. Kamati ya wilaya inakuja tarehe 20. Nataka tushinde. Nataka na cheo, sioni aibu kuandika.

Alhamisi, 6 Juni
Kuna mtu anajisaidia migombani, juu ya chemchemi, na kufukia kwa jembe. Wachota maji wamelalamika. Shamba hilo lilikuwa la baba mkwe. Baada ya upimaji kabaki na kiwanja cha nyumba tunayoishi naye tu, na migomba sasa ni eneo la wazi kwenye ramani.

Mkutanoni nimetangaza: atakayekamatwa atasimama mbele ya watu na jembe lake, nami nitamsoma jina. Makofi. Baba mkwe alikaa pembeni, kofia magotini.

Jumapili, 9 Juni
Mume wangu karudi kutoka Murongo, anakopakia malori wiki nzima. Kazungukazunguka, mwisho akasema: mzee anaomba shimo lake mwenyewe. Hawezi kuchuchumaa anapochuchumaa mke wa mwanawe.

Nimecheka mpaka machozi. Choo cha vigae, maji ya bomba, mtu anakikimbia kwa sababu yangu! Desturi naijua, hata kwetu Kanoni ipo. Miaka saba mzee hajanitazama usoni. Nikimpa shikamoo anaitikia ukuta. Lakini nikijiruhusu vyoo viwili, mji mzima utadai viwili. Nimekataa. Sikuuliza anakwenda wapi. Sikutaka kujua.

Jumatano, 12 Juni
Alfajiri, mimi na mgambo tumejibanza migombani. Akaja mtu na jembe. Koti nililijua, nimelinunua mimi mnadani. Alichimba, akamaliza, akafukia vizuri kabisa.

Mgambo akanitazama. Ningeweza kusema twende zetu. Nimesema, "Mwandike."

Mzee akageuza uso pembeni, kama kawaida yake. Akauambia mgomba: "Mama, nenda nyumbani. Hapa si mahali pako."

Ijumaa, 14 Juni
Nimemsoma jina. Jina lake kamili, mimi, mkwewe. Sijawahi kulitamka kabla ya leo. Alisimama na jembe, akasema, "Nimekosa."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja kajifunika khanga usoni, akaondoka. Mzee alipokuwa akitoka, watu walimpisha na kumwamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Mimi sikusalimiwa na mtu. Potelea mbali. Kanuni haina baba mkwe.

Jumatatu, 17 Juni
Sahani yake ya matoke imerudi ilivyokwenda. Siku ya tatu. Anasema kashiba. Amenuna tu.

Jumatano, 19 Juni
Hakununa. Nimefua nguo zake leo, hazina hata chembe ya udongo wa migombani, ndipo nikaelewa. Migombani haendi tena, chooni haendi. Chai haigusi. Maji anasukutua, anatema. Anafunga juu ili asihitaji chini.

Nimeacha mlango wa choo wazi, nimeweka sabuni mpya. Nimemwaga majivu kizingitini nione nyayo. Jioni nyayo ni zangu tu.

Nimempigia mume wangu simu. "Chimba shimo," kasema. Nimemwambia kamati ni kesho. Nitachimba baada ya kamati.

Alhamisi, 20 Juni
Tumeshinda. Kaya yangu ndiyo ya mfano. Wamenipiga picha mlangoni pa choo, kisha wakamtaka mkuu wa kaya. Wakamleta akijikongoja na fimbo. Mwenyekiti wa kamati kamwambia, "Mzee, una bahati kuwa na mkwe kama huyu."

"Ndiyo," kasema.

Wakamwomba asimame nami mlangoni, wapate picha ya pamoja. Hakukataa. Alipiga hatua mbili, akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Watu wakadhani ni uzee. Mimi nilijua.

Jumamosi, 22 Juni
Zahanati. Muuguzi katafuta mshipa wa dripu mikono yote miwili. Anasema mwili umekauka. Kaniuliza kama nyumbani hakuna maji.

Jumapili, 23 Juni
Amefariki saa tatu asubuhi.

Jumatatu, 24 Juni
Waombolezaji wamejaa uani. Watu wote hawa choo kimoja hakiwatoshi, kwa hiyo majirani wamechimba cha wanaume nyuma ya nyumba, kama inavyofanyika kila msiba. Hakuna aliyeniomba kibali. Walianza baada ya chai. Kabla ya saa sita walikuwa wamemaliza, na mlango wa gunia umening'inia.

Ijumaa, 28 Juni
Watu wametawanyika. Mume wangu kalala chumbani kwa baba yake. Shimo bado lipo. Ofisini wamepiga simu kuhusu cheti cha ushindi, nimesema nitafuata wiki ijayo.

Jioni nimechukua ufagio. Nimefagia kutoka jikoni hadi kwenye lile gunia. Sikulifunua. Nimeweka kopo la maji nje, upande wa kulia, kama namtengea mzee, nikarudi ndani.