Zimwi Lililorudishwa Kinyumenyume

Shabani mjukuu wangu, mume wangu, marahaba. Shangazi yako, ndiye anayeniandikia, anakusalimu. Mbuzi wetu kazaa pacha. Unauliza kwa nini tukitazama sinema zako za mazimwi kwenye video, zimwi likifa tu nasema, "Rudisha nyuma."

Enzi za Ujamaa lilikuja kijijini gari la sinema. Mwaka ule nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, hata kupika nikaacha, hayo tuyaache. Kwenye shuka jeupe la kuonyeshea picha, zimwi likachomwa moto, likaanguka, nikaangua kilio. Mwenye mashine alikuwa Mzaramo, mtani wetu.

"We Mnyamwezi, unalilia zimwi? Mjomba wako?"

Watu wakacheka. Akairudisha filamu kinyumenyume. Mama yangu! Moto ukarudi kwenye mienge, zimwi likainuka, likaondoka kisogosogo!

"Mtani," nikamwambia, "rudisha mpaka mwanzo kabisa."

Akacheka tena. Jirani akamnong'oneza kwamba nimefiwa. Akairudisha yote, mpaka waliouawa na zimwi wakawa wazima, wamekaa mezani na wenzao. Hakuna aliyenung'unika.

Nilijua ni picha, Shabani. Lakini niliwaona wakiinuka kwa macho yangu haya. Nikarudi nyumbani, nikasonga ugali, nikala.

Mimi mkeo, bibi yako wa Ipuli.